Palipo na fenobarbitoni pawe na mfuko wa kupumulia

Ndugu wa mgonjwa aliyemeza dawa za kifafa kupita kiasi huuliza swali moja kwanza, na humuuliza daktari, muuguzi, hata mlinzi wa getini: kuna sindano ya kuikata hiyo dawa? Swali ni la haki. Aliyeumwa na nyoka ana sindano yake, aliyekunywa dawa ya kuulia wadudu ana atropini, aliyezidishiwa morfini ana naloksoni. Aliyezidisha fenobarbitoni hana. Hana pia aliyezidisha fenitoini, wala aliyezidisha kabamazepini. Kwa valproeti ipo kanitini, ambayo husaidia amonia inapopanda katika damu, lakini nayo haiifuti dawa iliyokwisha kuingia mwilini.

Jibu hilo likitolewa hivyo tu, ndugu huelewa kwamba hakuna tiba, na wengine huanza kupiga simu nyumbani kuwaandaa watu. Hapo ndipo uchungu wangu ulipo, kwa sababu tiba ipo. Imejulikana tangu mwaka 1949, haidai maabara kubwa, na sehemu yake kubwa hufanywa na mikono ya muuguzi. Kinachokosekana kwetu ni uamuzi: kwamba kila tunapopeleka dawa ya kifafa, tupeleke pia vifaa vya kumpumulisha mtu siku itakapomzidi, na mtu anayejua kuvitumia.

Dawa yenyewe naitetea. Mwaka 1912, daktari kijana Alfred Hauptmann wa Freiburg, Ujerumani, aliwapa wagonjwa wake wa kifafa dawa mpya ya usingizi iliyouzwa na Bayer kwa jina la Luminal. Alitaka walale. Akagundua kwamba hata mchana, wakiwa macho, hawaanguki kama zamani. Luminal ndiyo fenobarbitoni. Zaidi ya karne moja baadaye bado ni dawa ya kifafa iliyo rahisi kuliko zote. Kwa hesabu za Shirika la Afya Duniani, kumtibu mtu mmoja kunaweza kugharimu dola 5 tu kwa mwaka. Shirika hilohilo linakadiria kwamba duniani kuna watu wapatao milioni 50 wenye kifafa, na karibu asilimia 80 yao wanaishi katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Kule Mahenge, daktari Louise Jilek-Aall, mzaliwa wa Norway, alianzisha kliniki ya kifafa mwanzoni mwa miaka ya 1960 katika jamii ambayo mgonjwa wa kifafa alitengewa chombo chake cha kulia na hata pa kulala. Vidonge hivi viliwarudisha watu shambani na shuleni. Utafiti uliochapishwa mwaka 1992 ulikuta kwamba wilayani Ulanga, ambako Mahenge ipo, watu 10 hivi katika kila 1,000 walikuwa na kifafa kinachoendelea.

Kwa hiyo asitokee mzazi akasoma makala haya kisha akamwaga vidonge vya mwanawe. Kuiacha fenobarbitoni ghafla huweza kuleta kifafa kisichokatika, mgonjwa akapigwa mfululizo bila kuzinduka katikati. Hatari hiyo ni kubwa kuliko hatari ya kuinywa kama ilivyoandikwa.

Lakini dawa iliyoanza kama dawa ya usingizi, ikizidi, hurudi kwenye asili yake. Mtu huanza kwa kuyumba na kusema maneno mazito kama mlevi. Kisha husinzia, kisha haamshiki. Ulimi na koo hulegea, pumzi hukoroma, hupungua, huwa fupi. Akitapika, matapishi huingia mapafuni kwa sababu hana tena kikohozi cha kuyazuia. Presha hushuka, mwili hupoa. Kinachoua ni pumzi kukatika, au nimonia ya matapishi siku ya pili au ya tatu. Na fenobarbitoni haina haraka ya kutoka: kwa mtu mzima, nusu ya dawa iliyomo katika damu huchukua saa 80 hadi 100 kuondoka. Aliyezidisha Jumatatu huenda akafumbua macho Ijumaa. Siku zile za katikati ndizo za kumtibu.

Madaktari wa Ulaya walichelewa kulielewa hili. Katika miaka ya 1930 na 1940 dawa za usingizi za jamii ya fenobarbitoni zilijaa majumbani, na waliozizidisha walijaa hospitalini. Wataalamu waliona kwamba aliyelala sana anahitaji kuamshwa, wakawachoma vichangamshi: pikrotoksini, niketamaidi, amfetamini. Wengine waliamka kidogo, wengine walipata degedege, wengine mapigo ya moyo yalivurugika, na karibu mtu mmoja katika kila watano alikufa. Mwaka 1949, katika Hospitali ya Bispebjerg mjini Copenhagen, Carl Clemmesen alifungua kituo maalumu cha wagonjwa hawa, akishirikiana na Eric Nilsson, mtaalamu wa usingizi wa chumba cha upasuaji. Waliviacha vichangamshi. Walihakikisha njia ya hewa iko wazi, walifyonza makohozi, walimpa mgonjwa maji na oksijeni, walimgeuza mara kwa mara asilale upande mmoja, wakampumulisha pale pumzi yake ilipopungua, na wakangoja. Vifo vilishuka hadi mtu mmoja au wawili katika 100.

Naomba msomaji asiipite habari hiyo haraka. Hakuna dawa mpya iliyovumbuliwa. Yalibadilika makini ya wauguzi na imani ya madaktari kwamba mwili utaitoa sumu wenyewe, mradi mtu asiachwe afe kabla haujamaliza kazi hiyo.

Mji huohuo ulikumbwa na polio mwaka 1952. Bjørn Ibsen aliwapumulisha wagonjwa kwa mpira wa mkono uliounganishwa na bomba kooni, na wanafunzi wa udaktari wapatao 1,500 wakapokezana zamu, usiku na mchana, kuuminya mpira huo. Miaka michache baadaye, mwaka 1956, Holger Hesse na Henning Ruben walitoa mfuko unaojijaza hewa wenyewe, usiohitaji umeme wala hata mtungi wa gesi. Jina la kibiashara lilikuwa Ambu, na wahudumu wetu wa afya huuita hivyo hadi leo hata ukiwa umetengenezwa na kampuni nyingine. Ni kifaa cha kuminya kwa mkono. Hata hivyo, pitia zahanati na vituo vya afya: fenobarbitoni ipo kabatini, na mfuko ama haupo, ama upo wa watoto wachanga tu katika chumba cha kujifungulia, ama upo na barakoa yake imechanika. Hili ndilo jambo ninalotaka tulionee aibu.

Nyumbani nako tunarudia kosa lile la miaka ya 1930 kwa vitu vyetu. Mtu akikutwa hajitambui na pakiti tupu ziko kando, tunataka aamke. Anamwagiwa maji, anapigwa makofi, ananyweshwa maziwa, mafuta ya kula, mayai mabichi, maji ya chumvi ili atapike. Wengine huingiza kidole kooni. Kila kimoja kati ya hivyo kwa mtu aliyelegea koo ni njia ya kupeleka kitu mapafuni. Mlaze kwa ubavu, kichwa kikielekea chini kidogo ili mate na matapishi yatoke. Usimpe chochote kwa mdomo. Chukua pakiti, chupa, bahasha ya dawa na kadi ya kliniki, hata kama zimebaki tupu, na kumbuka saa aliyokutwa na saa aliyoonekana mzima mara ya mwisho. Mpeleke hospitali kwa chombo chochote kilichopo, na njiani awepo mtu ambaye kazi yake ni moja: kuangalia kifua kinapanda na kushuka. Hata akiwa anaongea bado, mpeleke. Na ule mkaa ambao watu wamesikia kwamba unasaidia si mkaa wa jikoni uliotwangwa. Ni unga wa dawa uliotengenezwa ili unase sumu, na hutolewa na mhudumu wa afya akiwa amehakikisha njia ya hewa ni salama.

Mkaa huo wa dawa una kisa chake kizuri. Mwaka 1982 watafiti wa Marekani waliwachoma watu wazima wenye afya fenobarbitoni kwa mshipa, kisha wakawanywesha mkaa mara nyingi. Dawa haikupita tumboni kabisa, lakini nusu yake ilitoka katika saa 45 badala ya 110. Maana yake ni kwamba fenobarbitoni iliyo katika damu hurudi polepole ndani ya utumbo, na mkaa ukiwapo huinasa isirudi tena. Ni tiba ya bei ndogo, na ingepaswa kuwapo katika kila hospitali ya wilaya. Hata hivyo nisiipambe. Miaka miwili baadaye, jaribio dogo kwa wagonjwa mahututi lilionyesha kwamba dawa ilitoka haraka zaidi kwa waliopewa mkaa mara nyingi, lakini muda waliokaa kwenye mashine ya kupumulia haukupungua. Mkaa husaidia kuiondoa dawa, lakini haumpumulishi mtu. Usafishaji wa damu kwa mashine za figo nao huiondoa fenobarbitoni vizuri, na Muhimbili au Benjamin Mkapa wanazo mashine hizo. Lakini ili mtu afike Dar es Salaam au Dodoma akiwa hai, lazima awe amepumua njia nzima.

Jambo jingine lazima ndugu na wahudumu walijue. Fenobarbitoni nyingi humzamisha mtu hadi hashtuki akifinywa, hakohoi, magoti hayaruki yakigongwa, na mwili ni wa baridi. Hata kipimo cha umeme wa ubongo kinaweza kuchora mstari mnyoofu, na bado mtu huyo akaja kuamka, akaomba chai. Kwa hiyo dalili tunazozizoea za mtu kuelekea kukata roho hazina uzito uleule hapa. Familia inayoomba ruhusa siku ya pili ili mgonjwa akafie nyumbani huenda inamchukua mtu ambaye angepona. Ndugu hulalamika kwamba mgonjwa amelazwa tu, hachomwi kitu, muuguzi anakuja kumhesabu pumzi na kumgeuza kisha anaondoka. Yule muuguzi anamtibu. Tungewaeleza hivyo tangu mapokezi, wangevumilia.

Dawa nyingine za kifafa zina tabia zake. Valproeti hulegeza, hupandisha amonia, na mara chache huharibu ini. Kabamazepini hunyonywa polepole, hivyo aliyeonekana nafuu asubuhi anaweza kuzama jioni, na yenyewe, ajabu, ikizidi huweza kuleta degedege na kuvuruga mapigo ya moyo, ndiyo maana anahitaji kipimo cha umeme wa moyo na uangalizi wa saa nyingi. Nataka kukaa kidogo kwenye fenitoini, kwa sababu wengi wanaozidiwa nayo hawakumeza hata kidonge kimoja cha ziada.

Ini linaichakata fenitoini kama kivuko cha Kigamboni kinavyovusha magari: yakiwa machache yote yanavuka, yakifika ukomo wa uwezo wake, kila gari moja linaloongezeka hubaki ng'ambo na foleni hurefuka haraka. Dozi ikiongezwa kidogo tu kwa mgonjwa aliyekwisha fika ukomo, kiasi katika damu hupanda kwa kishindo. Macho yake hucheza pembeni, anapepesuka, mikono inakosa shabaha. Jirani husema amekunywa pombe. Sasa mgonjwa huyo akianza dawa za kifua kikuu, isoniazidi iliyomo ndani yake hulizuia ini kuichakata fenitoini, na kwa baadhi ya watu sumu hujengeka katika wiki chache huku dozi ikiwa ileile. Katika nchi zetu, ambako kifua kikuu na kifafa hukutana katika nyumba moja, kliniki hizi mbili haziwezi kuendelea kutosalimiana. Kadi ya kifua kikuu iulize kuhusu dawa za kifafa, na kadi ya kifafa iulize kuhusu kifua kikuu.

Kuna pia kuzidisha kunakotokana na karatasi. Vidonge vya fenobarbitoni vipo vya miligramu 30, vya 60 na vya 100. Mgonjwa amezoea viwili vya 30 kila jioni. Shehena inabadilika, anapewa vya 100, anameza viwili kama kawaida. Bahasha imeandikwa 2×1 kwa kalamu, na bibi anayemlea mjukuu mwenye kifafa hasomi alama hiyo kama mfamasia. Dakika 2 za kumwambia bibi kwamba kidonge kimebadilika, kisha kumwomba arudie alivyoelewa, ni matibabu kamili ya sumu hii kabla haijatokea.

Kisha kuna kuzidisha kunakofanywa na sisi tunaotibu, kwa nia njema kabisa, na hapa Pwani yetu ina ushahidi ambao dunia nzima inautumia. Katika Hospitali ya Kilifi, nchini Kenya, madaktari walihangaika na watoto waliopandwa na malaria kichwani. Watoto hao hupigwa na degedege tena na tena, na degedege huharibu ubongo. Ilionekana busara kuwakinga kwa sindano moja ya fenobarbitoni, miligramu 20 kwa kila kilo ya uzito. Dozi hiyo si ya ajabu. Ndiyo inayotumika popote kukatisha kifafa kisichokoma. Watoto 340 waliingizwa katika jaribio, nusu wakapewa fenobarbitoni, nusu wakapewa sindano isiyo na dawa. Matokeo yalichapishwa mwaka 2000 katika jarida la Lancet. Waliopata degedege mara tatu au zaidi walikuwa asilimia 11 kwa waliopewa dawa, dhidi ya asilimia 27 kwa wenzao. Dawa ilifanya kazi. Na vifo? Watoto 30 walikufa kati ya waliopewa fenobarbitoni, na 14 kati ya wasiopewa. Asilimia 18 dhidi ya 8.

Hatari ilikuwa kubwa zaidi kwa watoto ambao, pamoja na fenobarbitoni, walikuwa wamepata dozi tatu au zaidi za diazepamu. Dawa mbili zinazolegeza pumzi zilikutana katika mtoto ambaye ugonjwa ulikwisha mlegeza, mahali pasipo na mashine ya kumpumulia. Tangu hapo, kuwakinga kwa fenobarbitoni watoto wenye malaria ya ubongo kuliachwa. Nawaheshimu waliofanya kazi ile na wakaitangaza ilivyo, na nawakumbuka wazazi waliokubali watoto wao washiriki. Deni letu kwao ni kuelewa walichotufundisha: dozi iliyo sahihi kitabuni hugeuka kuwa kupita kiasi pale ambapo hakuna wa kushika pumzi.

Je, tumeelewa? Tazama safari ya mtoto mwenye degedege kutoka kijijini. Zahanati wanamchoma diazepamu, au wanamwekea njia ya haja kubwa. Haikatiki, anapelekwa kituo cha afya; huko wanampa tena. Anapakiwa kwenye gari la wagonjwa, anafika hospitali ya wilaya usiku akiwa bado anatetemeka, na daktari wa zamu, ambaye hajaandikiwa chochote, anaanza upya na diazepamu, kisha fenobarbitoni. Kila mmoja wao amefuata mwongozo wake. Hakuna aliyejumlisha. Jina la dawa, kiasi na saa vingeweza kuandikwa kwenye plasta na kubandikwa mkononi mwa mtoto, na ningependa iwe lazima. Wengine huniambia kwamba ipo flumazenili ya kuikata diazepamu. Ipo, lakini kwa mtu mwenye kifafa huweza kuamsha degedege lilelile lililokuwa limetulizwa, kwa hiyo inarudi kuwa hatari kama vile vichangamshi vya zamani. Mfuko wa kupumulia hauna madhara hayo.

Siwezi kuacha kusema kuhusu wale waliomeza kwa makusudi. Watu wenye kifafa hubeba huzuni nyingi: ndoa zinazovunjika, kazi zinazopotea, watoto wanaotolewa shule. Na dawa iko mkononi mwao kila siku. Kuna ndugu wanaopita kwanza kituo cha polisi kuchukua fomu ya PF3 kwa hofu kwamba hospitali haitawapokea. Kuna wanaodanganya kwamba mgonjwa ana malaria kwa kuogopa kesi, na daktari anapoteza saa akitibu kitu kisichokuwapo. Sheria ya jinai ya Tanzania, iliyorithiwa kutoka utawala wa Waingereza, imelihesabu jaribio la kujiua kuwa kosa. Kenya ilikuwa na kifungu cha namna hiyo hadi Januari 2025, Mahakama Kuu ilipokitangaza kuwa kinakwenda kinyume na Katiba. Bunge letu lifanye vivyo hivyo bila kungoja kushtakiwa. Fomu inaweza kufuatwa na ndugu mmoja huku mgonjwa akitibiwa. Na akiamka, mtu wa kwanza kuketi naye awe muuguzi wa afya ya akili, ambaye katika hospitali zetu nyingi ndiye huyohuyo anayeendesha kliniki ya kifafa. Apewe dawa za wiki moja moja kwa muda, na ndugu amtunzie. Aliye katika hali hiyo sasa hivi, au anayemjua aliye nayo, amwambie mtu leo na aende kituo cha afya kilicho karibu. Hakuna kosa lililomfanya asistahili kutibiwa.

Ninachowaomba wizara, halmashauri na Bohari ya Dawa hakihitaji kampeni. Kituo kinapojaza fomu ya kuagiza fenobarbitoni, fomu hiyohiyo iwe na mistari ya kujibu: mfuko wa kupumulia wa mtu mzima upo, wa mtoto upo, barakoa zao zinabana vizuri, mashine ya kufyonza makohozi inafanya kazi umeme ukikatika, kipima oksijeni cha kidole kina betri, mkaa wa dawa upo na haujaisha muda, na nani katika zamu ya usiku amefundishwa kupumulisha mtu mwaka huu. Penye jibu la hapana, dawa ipelekwe vilevile, kwa sababu wagonjwa wanaihitaji, na kifaa kilichokosekana kipakiwe katika gari hilohilo.